Bomba la Tatu, Zoni B

"Vielelezo hivi havina mahali, na kitu kisicho na mahali hakina thamani. Viondolewe chumbani kabla ya mwisho wa mwezi."

Maneno hayo si yangu. Yamo katika barua iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba kidogo nyuma ya maabara yetu, na chini yake ipo saini ya Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, ambaye ameketi hapa mbele, kiti cha tatu kutoka kushoto, na ambaye nimemwomba asiondoke kabla sijamaliza. Nimeyatanguliza mbele ya salamu kwa makusudi, asije mtu akasema baadaye kwamba nilimnukuu vibaya wakati watu wanasinzia. Sasa nitoe heshima zinazostahili.

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Bodi Bwana Isack, Mkuu wa Shule Mwalimu Castory, mchungaji na shehe mliotufungulia shughuli kwa dua, walimu wenzangu mlioletwa huku kutoka mikoa ya mbali na ambao kila Januari mnaulizia uhamisho, wazazi mliotoka Kagerankanda na jua halijachomoza, wanafunzi, na juu ya wote, ingawa ratiba imemweka mwisho, mstaafu wetu wa leo, mhudumu wa maabara, Mama Theodosia Ininahazwe: bwakeye! Naona mmenicheka. Miaka kumi na saba Kasulu, na bado matamshi yangu yanatoka Pangani.

Mimi ni Rabia Mwanaheri, mwalimu wa Biolojia. Nimepewa dakika kumi za kumsifu mstaafu. Nitamsifu, lakini siwezi kusimama hapa nikamwagia mtu sifa kama maua ya karatasi, ilhali kazi yake ya miaka kumi na mitano na zaidi inasubiri kiberiti kule nyuma.

Wengi wenu hamjawahi kuingia katika chumba hicho, kwa hiyo niwaambie kilicho ndani. Zimo pakiti mia sita na arobaini, zilizokunjwa kwa karatasi za mitihani ya zamani na kupangwa katika makasha ya chaki. Ukifungua pakiti, upande mmoja unakutana na swali la Kemia ambalo hakuna aliyelijibu, na upande wa pili unakutana na kiumbe kilichokauka, kidogo kuliko ukucha wako. Kamusi zinakiita kuvumwani. Kwetu Pangani ni ukoga tu, na ukoga ni wa kusugua. Mama Theodosia anasema urubobi. Pamoja nacho wamo ndugu zake bapa, wasio na shina wala majani, waliojibandika juu ya jiwe kama kipande cha ini kilichoanguka buchani. Na kweli wataalamu waliwapa jina linalotokana na ini.

Ni viumbe vya ajabu hivi. Havina mizizi ya kunywea, havina ua, havina mbegu. Vinakunywa maji kwa mwili mzima, kama kitambaa. Na kiangazi kikija havikimbii wala havifi kama tunavyodhani. Vinangoja.

Mchungaji, nisaidie kushika sahani hii. Hii ni pakiti ya Machi 2009. Mnaona kilichomo: nyuzi za kahawia, kama uchafu unaobaki kwenye chujio la chai. Natia maji, matone matatu. Sasa tulieni kidogo. Mheshimiwa Diwani, sogea, usione haya. Je, mnaona vijani vinavyojikunjua? Kimoja, viwili, vile pale pembeni. Mchungaji, sisemi kimefufuka, hiyo ni kazi ya idara yako. Baada ya miaka yote hii ndani ya kasha la chaki, sidhani kwamba kingali hai. Ninachosema ni kwamba umbo lake limerudi kamili, unaweza kuhesabu majani yake, na kwa sababu hiyo unaweza kumuuliza: wewe ni nani, na unaishi wapi?

Swali hilo la pili ndilo lililotuleta kwenye ugomvi.

Mwaka huo wa 2009 shule moja ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila iliazima maabara yetu kwa siku mbili. Pamoja na wanafunzi alikuja mama mmoja aliyekuwa akifagia madarasa kule. Hakuwa mkaazi wa kambi. Yeye ni mtoto wa wakimbizi waliokuja mwaka sabini na mbili, alivuka mpaka ameshika kanga ya mama yake akiwa na miaka saba, akakulia katika vijiji hivi hivi, akapewa uraia, na kambi ilipofunguliwa akaenda kutafuta kazi kama wengine. Mchana nilimkuta nyuma ya tangi letu la maji anakwangua ukuta kwa kijiko.

Nikamfokea. "Wewe mama, unabomoa tangi la serikali?"

"Sibomoi, mwalimu. Nachukua kidogo." Akaninyooshea kijiko. "Hiki cha hapa kina nywele nyeupe kwenye ncha. Cha kule kambini hakina. Mbega, kwa nini?" Mbega ya huku si mnyama, ni neno la kuulizia.

Ndugu zangu, nilikuwa na shahada ya chuo kikuu. Nilikuwa nimepita pembeni ya tangi lile kila siku ya kazi kwa mwaka mzima. Sikuwa nimeziona hizo nywele, sembuse kujua sababu yake. Nikafanya wanachofanya walimu wakikosa jibu: nikatoa maagizo. Nikamwambia, "Ukikusanya, kunja kwenye karatasi, usikiminye. Andika tarehe. Andika kimeota juu ya nini. Andika na mahali."

"Mahali nitaandikaje?"

"Kama anwani ya barua," nikamjibu. "Kamili."

Akafanya kama nilivyosema. Pakiti hii iliyo mkononi mwa mchungaji imeandikwa hivi: Mtabila, Zoni B, bomba la tatu, upande usiopigwa na jua, juu ya saruji, T. Ininahazwe. Hakuandika namba za setilaiti, maana hatukuwa na kifaa cha kuzisoma, wala hakutaja mto au kilima. Aliandika zoni, bloku, bomba, choo, jiko la shule, kwa kuwa ndivyo watu wa kule walivyoelekezana. Mwaka 2012 kambi ikafungwa. Watu wakarudishwa, mahema yakang'olewa, vibao vikang'olewa, nyasi zikafunika. Pakiti mia mbili na zaidi zikabaki na anwani ambazo hakuna tarishi angeweza kuzifikia.

Kosa hilo ni langu. Bwana Isack, hilo nakupa bure, huna haja ya kulitafuta.

Lakini tazameni alichofanya huyu mama baada ya hapo. Alipoajiriwa hapa kama mhudumu wa maabara aliendelea. Alipokwenda likizo Kibondo kwa dada yake, wakati kambi ya huko ya Nduta imekwisha kufunguliwa tena, akaenda hadi kwenye lango la kambi. Mlinzi akamuuliza, "Mama, unatafuta nini?" Akasema, "Ukoga." Mlinzi akasema, "Ukoga gani?" Akamjibu, "Ndicho ninachotaka kujua." Wakamwacha akwangue ukuta wa nje wa lango, naye mlinzi akamshikia mwavuli. Hiyo ni pakiti ya mia tatu na kumi na mbili. Mimi mwalimu mwenye shahada, likizo zangu nilizimalizia kwetu nikila samaki.

Mwaka huu Bodi ikataka chumba kile kiwe stoo ya viti. Sina ugomvi na viti. Akaletwa mtaalamu kutathmini vielelezo, akakaa chumbani kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akatazama vibandiko, akatazama ramani kwenye simu yake, akasema: Zoni B haipo. Basi. Barua ikaandikwa, na Bodi ikapanga kupiga kura vichomwe.

Nilikwenda ofisini kwa Mwenyekiti. Alinipokea vizuri, ni mtu wa heshima. Akaniambia, "Mwalimu Rabia, wewe ukikosa mtu wa kugombana naye, unagombana na kabati." Nikacheka, maana ni kweli. Kisha akasema, "Ukoga haulishi mtu."

Hapo sikucheka. Najua wengine mlitarajia nisimame leo niwaambie kwamba ukoga huu utatibu malaria, au utaleta wafadhili, au utatupandisha katika matokeo ya kidato cha nne. Sitasema hivyo. Ningeweza kuwaambia kwamba unashika maji kwenye chemchemi zetu, na ingekuwa kweli, nanyi mngetikisa vichwa na kusahau kabla ya pilau. Nimechoka na nchi ambayo kila kiumbe lazima kilete barua ya utambulisho inayoeleza kitatufaa nini kabla hatujakiruhusu kuwa na jina. Mtoto akikuuliza kwa nini ukoga wa tangi una nywele na wa kambini hauna, utamjibu haulishi? Huyo mtoto hatauliza tena, na siku utakapomtaka aulize kwa nini mihogo inaoza, utakuta amekwisha jifunza kunyamaza.

Kwa hiyo nikaamua kujibu hoja kwa hoja. Barua inasema hakuna mahali. Vema. Twende tukatafute mahali.

Tulihitaji mtu aliyejenga yale mabomba. Mama Theodosia akanipeleka Kagerankanda kwa fundi mwashi mmoja, Mzee Nduwayezu. Yuko pale nyuma, na kofia ya buluu. Mzee, usijifiche, umeshaonekana. Nilipomweleza shida yetu alinitazama kwa upole akasema, "Mwalimu, mimi Mtabila siijui."

Nilikuwa naaga. Mama Theodosia hakuaga. Alivuta kigoda akaketi.

"Huijui?"

"Siijui."

"Nduwayezu, wewe hujawahi kumwaga saruji bila kuchora jina lako. Hata kaburi la shemeji yako umelichora. Nikikuta N.D. pale bombani, nimwambie mwalimu ni ya nani? Ya Nelson Mandela?"

"Huyo ni N.M.," akasema mzee.

"Ego, naam. Basi ni yako."

Mzee akasema maneno ambayo nataka myasikie vizuri, na nimepata ruhusa yake kuyasema. "Mwalimu, watu wa uraia walipokuja kutuhoji, tulishauriana kijijini: ukiulizwa kambi, sema huijui, usije ukahesabiwa mkimbizi ukarudishwa. Nimelisema hilo miaka mingi. Limekuwa kama dua. Hata mke wangu siku hizi hanikosoi."

Alikuwa raia tayari, ana karatasi zake sandukuni. Wala hakuwahi kulala kambini hata siku moja, alikwenda kujenga na kurudi. Lakini mahali palipompa kazi ya miaka minane alikuwa amejifunza kukana kwamba anapajua. Na mimi niliyetoka pwani kwa barua ya serikali, ambaye hakuna aliyewahi kuniuliza nimetokea wapi kwa sauti ile ya mahojiano, nilidhani shida yetu ni nyasi.

Novemba tukaomba ruhusa kwa wanaohusika na eneo lile, tukapewa nusu siku. Mvua zilikuwa zimeanza. Mzee alitembea mbele na fimbo. Saa ya kwanza alisema haoni kitu. Saa ya pili miguu yake ikaanza kukumbuka kabla yake: alipinda kushoto mahali pasipo na njia, akaruka mtaro ambao haupo, akasimama. "Hapa palikuwa na foleni ya bomba la tatu," akasema. Akafyeka kwa panga. Tukakuta saruji imepasuka katikati, na pembeni, zimejaa udongo, herufi mbili na mwaka: N.D. 1998.

Mama Theodosia hakuzitazama herufi. Alipiga magoti kwenye tope na gauni lake la kanisani akaanza kutazama ufa. "Kipo," akasema. "Mwalimu, kipo!"

Kilikuwepo. Si yule wa kwenye sahani. Huyu ni yule ndugu bapa, ambaye Mama Theodosia anazo pakiti zake nne kutoka bomba lile lile. Huyu ana vikombe vidogo mgongoni, na ndani ya kila kikombe mna visahani vya kijani kama punje za ulezi. Tone la mvua likidondoka kikombeni, visahani hurushwa nje, na kila kimoja kinaweza kuwa mmea mzima. Hasafiri mbali kwa njia hiyo, ni urefu wa mkono tu. Sasa Mama Theodosia alikuwa na swali alilolibeba tangu 2009: Zoni B ilikuwa na mabomba sita. Aliyachunguza yote. Kwa nini mmea huu ulikuwa bomba la tatu peke yake, wakati maji ni yale yale, saruji ni ile ile, na kivuli ni kile kile?

Akamuuliza fundi. "Nduwayezu, bomba hili ulilijengaje? Lina nini ambacho mengine hayana?"

Mzee akakuna kidevu. "Mawe," akasema. "Mengine tuliyajenga kwa mawe ya barabarani, lori lilileta. La hili, lori liliharibika. Mawe yake niliyatoa kwetu Kagerankanda, pale kijito kinapoanguka. Tuliyabeba kwa baiskeli siku tatu."

Wiki iliyofuata tukaenda Kagerankanda, pale kijito kinapoanguka. Juu ya mawe, kwenye rasharasha, mmea ule umejaa. Vikombe vile vile, visahani vile vile.

Mimi si mtu wa kutangaza ushindi kabla ya hesabu kukamilika. Sisemi tumethibitisha kwamba mmea ulipanda baiskeli ya Mzee Nduwayezu mwaka 1998. Huenda ulifika kwa njia nyingine. Ninachosema ni kwamba tuna swali zuri na njia ya kulifuatilia, na kwamba tumelipata kwa sababu moja tu: kibandiko kilisema bomba la tatu. Kama ningekuwa na kifaa mwaka ule nikamwandikia Mama Theodosia namba za setilaiti, leo tungekuwa na nukta kwenye ramani, safi kabisa, na nisingejua kwamba pale palikuwa na bomba, kwamba bomba lilikuwa na fundi, kwamba fundi alikosa lori. Anwani ambayo mtaalamu aliiona haipo ndiyo iliyotupa jawabu ambalo namba pekee zisingetupa. Namba tumeziongeza sasa. Mwezi huu na uliopita tumezipatia tena mahali pake kwenye ramani pakiti tisini na tatu za Zoni A na B, kwa kumbukumbu za mafundi, manesi na madereva waliofanya kazi kule.

Zimebaki pakiti mia moja na kumi na nane za Zoni C. Hapo tumekwama. Mzee Nduwayezu hakujenga Zoni C. Mama Theodosia aliingia huko kwa vipindi, anakumbuka mimea, hakumbuki njia. Tukauliza: nani aliijua Zoni C bloku kwa bloku? Kila tuliyemuuliza alitutajia mtu yule yule.

Si siri, kwa hiyo sitakuwa nimemfichua mtu. Kwa miaka sita, siku za mgao wa chakula Zoni C, alikuwapo karani kijana aliyesimama juu ya kreti akiita majina ya familia kwa bloku, bila kusoma, na inasemekana hakuwahi kukosea. Baadhi yenu mlimsikia kwa masikio yenu. Alikuwa na sauti nzuri, na bado anayo. Ni Mwenyekiti wa Bodi yetu.

Msigune. Bwana Isack, sikuiweka hii mwisho ili nikuaibishe. Nimeiweka mwisho kwa kuwa iliniuma. Nilipoambiwa, nilikaa na barua yako nikaisoma upya. "Havina mahali." Uliandika hivyo kuhusu mahali ulipofanyia kazi ujana wako, ambapo uliwajua watu kwa majina ya mama zao. Mzee Nduwayezu aliogopa karatasi. Wewe uliogopa nini? Au hukuogopa, ila ulichoka, kama sisi wengine tunavyochoka, na mtaalamu aliposema haipo, ilikuwa rahisi kukubali kuliko kusema: ngoja, mimi naijua?

Jana alasiri nilimkuta Mama Theodosia chumbani anatia pakiti kwenye gunia. Paa la nyumba yake linavuja, kila mtu anajua. Nikamwambia, "Mama, zitaoza." Akanijibu bila kugeuka, "Bora zioze kwangu, mwana wanje, mwanangu, kuliko zichomwe kwenu." Kwenu. Miaka kumi na miwili ameshika ufunguo wa maabara hii, amewaoshea wanafunzi vioo vyao, amewakinga na tindikali yao wenyewe, na siku ya kuagwa kwake anasema kwenu. Nimelitoa gunia mikononi mwake. Liko chini ya meza kuu, karibu na miguu yako, Mheshimiwa Diwani. Usilikanyage.

Mama Theodosia, sifa nilizoagizwa nikupe ni hizi: ulitazama pale ambapo sote tulipita, ukaandika ulichokiona, na ukatia jina lako chini. Katika wilaya hii sijui mtu mwingine aliyefanya hivyo mara mia sita na arobaini. Shule ikikupa saa ya ukutani leo, ipokee. Lakini ufunguo usiurudishe.

Wanaoandaa chakula wananionyesha saa, nami nawashukuru nyote kwa subira, hata mlioguna. Nimebakiwa na haja moja, nayo si ya mkutano mzima. Ni ya mtu mmoja.

Bwana Isack, Bodi inakaa Ijumaa. Jumatano tuna ruhusa ya kuingia tena, nusu siku nyingine, na sidhani tutapewa ya tatu. Njoo. Vaa viatu vya tope, utembee mbele yetu, na kwenye kila bloku ya Zoni C usimame uite majina kama ulivyokuwa ukiita, nasi tutaandika. Ukimaliza, kama bado utaona kwamba vielelezo hivi havina mahali, Ijumaa piga kura vichomwe, na kiberiti nitakuletea mimi. Usinijibu kwa barua. Simama sasa hivi, mbele ya Mama Theodosia, umwambie kama utakuja.